Mjadala: Je, ni haki kuongeza ala kwenye kanda za mwanamuziki aliyekwisha kufariki? Mfano wa Nick Drake

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naleta swali ambalo wapenzi wa muziki wa huzuni wa Uingereza wamelibishania kwa muda mrefu bila kuafikiana. Mwanamuziki akifariki na kuacha kanda ambazo hakuzitoa, ni nani mwenye haki ya kuzikamilisha, na mipaka ya haki hiyo ni ipi?

Nick Drake alifariki tarehe 25 Novemba 1974 akiwa na umri wa miaka 26. Aliacha albamu tatu tu: Five Leaves Left, Bryter Layter na Pink Moon, zilizotoka kati ya mwaka 1969 na 1972, na katika uhai wake hakuna iliyopata wanunuzi wa maana. Umaarufu ulimfuata kaburini, na uliongezeka sana baada ya mwaka 1999, pale tangazo la gari la Volkswagen lilipotumia wimbo wake mmoja. Hapo ndipo kila kipande cha kanda chenye sauti yake kilipopata thamani, na ndipo ubishi ulipopamba moto.

Naomba tujikite katika wimbo mmoja, kwa sababu hoja za pande zote mbili zinakwama hapo. Mwaka 1968 Drake alirekodi “I Was Made to Love Magic” chini ya mtayarishaji Joe Boyd, na Richard Hewson, mtaalamu aliyeitwa kwa kazi hiyo, akaandika mpangilio wa okestra, yaani sehemu zitakazopigwa na kila ala. Drake hakuridhika nao. Kijana huyu, ambaye kila aliyemfahamu humweleza kuwa mpole na mwenye haya, hapo alisimama imara na kumpendekeza Robert Kirby, mwanafunzi mwenzake wa Cambridge ambaye hakuwa na uzoefu wowote wa studio. Kirby ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya fidla tunazozisikia katika albamu ya kwanza, ingawa wimbo ninaouzungumzia uliachwa nje. Ulipotolewa katika miaka ya 1980, miaka mingi baada ya msiba, ulitoka na mpangilio uleule wa Hewson ambao mwenyewe aliukataa. Mwaka 2004 wasimamizi wa kazi zake waliutoa upya katika albamu ya mkusanyiko wakiwa wamebakiza sauti na gitaa la mwaka 1968, huku fidla zikipigwa upya kwa kufuata mpangilio wa Kirby wa enzi zile za chuoni.

Basi ni toleo lipi linalomheshimu marehemu? Wanaoshikilia kwamba kanda isiguswe kamwe watajikuta wakilitetea toleo ambalo yeye mwenyewe hakulitaka. Msimamo wangu ni kwamba kuongeza ala si kosa kwa asili yake. Kosa ni kuongeza bila ushahidi wa uamuzi wa msanii. Hapa ushahidi upo, kwa kuwa alimkataa mwandishi mmoja wa mpangilio, akamchagua mwingine, na mpangilio wa yule wa pili ulikuwa umekwisha kuandikwa angali hai.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeijenga hoja yako vizuri, lakini umeijenga juu ya mwaka 1968 peke yake. Bryter Layter ilijaa ngoma, besi na ala za upepo. Dave Pegg na Dave Mattacks wa bendi ya Fairport Convention walishiriki, na John Cale naye akaongeza vinanda. Baada ya hapo Drake alifanya nini? Mwezi Oktoba 1971 aliingia studio usiku akiwa na fundi mitambo John Wood peke yake, na kwa siku mbili wakamaliza Pink Moon, albamu ya dakika zipatazo 28 ambayo ina sauti na gitaa tu, isipokuwa piano kidogo katika wimbo wa kwanza. Kirby hakuitwa. Ikiwa tunatafuta uamuzi wa msanii, huo ndio uamuzi wake wa mwisho uliokamilika, nao unasema wazi kwamba alikwisha kuachana na fidla.

Isitoshe, toleo la 2004 linakwenda kasi kuliko la awali ili sauti ilingane na okestra mpya. Ukibadilisha kasi ya kanda unabadilisha na kimo cha sauti ya mwimbaji, japo kwa kiasi kidogo. Hayo hayakuwamo katika karatasi yoyote ya Kirby.

Mchangiaji wa pili

Mimi nadhani nyote wawili mnawasahau wafiwa. Dada yake, mwigizaji Gabrielle Drake, ndiye aliyebeba jukumu la kuamua. Mwaka 2007 aliporuhusu kutolewa kwa Family Tree, ambayo ni kanda alizorekodi Nick nyumbani, alimwandikia marehemu barua ya wazi katika maelezo ya albamu hiyo, akikiri kwamba safari hii hakuwa na hakika kama mdogo wake angeridhia. Aliruhusu kwa sababu kanda hizo zilikuwa tayari zikisambaa kwa njia za magendo, zikiwa na sauti mbovu, na wauzaji wakijipatia fedha. Mnaposema zisitolewe, kumbukeni kwamba zilikwisha kutoka. Kilichobaki ni kuchagua kama zitatoka kwa mkono wa ndugu au kwa mkono wa mlanguzi.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Nianze na mchangiaji wa pili, kwa kuwa hoja yake ni nzito lakini inajibu swali jingine. Magendo yanahalalisha kutoa kanda. Hayahalalishi kuongeza kitu ndani yake. Family Tree yenyewe haikuvishwa okestra, na hata “Tow the Line”, wimbo wa mwaka 1974 uliogunduliwa mwishoni mwa utepe na kuwekwa katika albamu ya 2004, uliachwa na gitaa lake peke yake. Hapo nadhani wasimamizi walitenda sawasawa, kwa kuwa hakuna aliyejua Drake wa mwaka 1974 alitaka nini.

Kwa mchangiaji wa kwanza, sikubali kwamba Pink Moon inafuta yaliyotangulia. Msanii anapobadili mwelekeo haimaanishi kwamba ameibatilisha kazi ya ujana wake. Vinginevyo ingetubidi tuondoe fidla katika Five Leaves Left pia, jambo ambalo hata wewe hulitaki. Wimbo wa 1968 upimwe kwa matakwa ya mwaka 1968. Ndivyo ninavyoitazama pia Bird Machine, albamu ya Sparklehorse, bendi ya Mark Linkous, iliyotoka mwaka 2023, miaka 13 baada ya kifo chake. Mdogo wake Matt, ambaye aliwahi kupiga naye muziki, aliikamilisha kwa kufuata yale kaka yake aliyoyaacha. Ningeipinga kama ingekamilishwa na mtu baki kwa kukisia.

Lakini kuhusu kasi ya kanda, ndugu yangu, sina neno la kuitetea. Kupiga fidla zilizoandikwa na mtu aliyechaguliwa na msanii ni jambo moja, na kumfanya mwimbaji aifuate okestra ambayo hakuwahi kuisikia ni jambo jingine. Wapigaji wa fidla ndio waliopaswa kumfuata yeye. Na kwa kuwa msikilizaji hawezi kupima aliyofanyiwa marehemu asipokuwa na kanda ya awali pembeni, albamu ya 2004 ingepaswa kubeba matoleo yote mawili, la Hewson na la Kirby, hata kama ingerefuka kwa dakika chache.