Mrejesho: Vijana waliokuwa wakikimbiza magari mtaani kwetu
Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliomba ushauri kuhusu vijana wawili wa sekondari waliokuwa wakichukua magari ya wazazi wao kila jioni na kuyakimbiza kwenye barabara yetu ya vumbi, pembezoni mwa Dar es Salaam, hadi wakamkosakosa mama muuza maandazi. Nawashukuru nyote, hasa aliyenisihi nianze na wazazi kabla ya polisi.

Nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Mzazi wa kwanza, alipokumbushwa kwamba leseni ya gari haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18 na kwamba anayemruhusu asiye na leseni kuendesha naye ana kosa, alificha funguo siku hiyohiyo. Wa pili alituona wambea (na chai hatukupewa), na mwanawe bado hupita kwa kasi usiku wa Jumamosi, ingawa mchana ametulia tangu tulipotoa taarifa kwa askari wa usalama barabarani.

Ushauri wa kujijengea matuta sikuufuata, kwa kuwa tuta lisilo na alama lingeweza kumwangusha mwendesha bodaboda gizani. Barua ya kuomba matuta rasmi haijajibiwa.