Kesi ya kuvunja nyumba usiku, Kigoma: wakili wa laki tisa, wa laki tatu, au msaada wa bure?

Mwanagungu
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, kijiwe chake kipo Mwanga. Jumatano iliyopita alfajiri askari walikuja chumbani kwake hapa Gungu, wakatoka na sabufa na TV ya inchi 32. Mwenye vitu anasema alivunjiwa usiku wa Jumapili. Dogo anasema aliuziwa na jamaa Jumatatu kwa 180,000, risiti hana. Jana kasomewa mashtaka mahakama ya wilaya, makosa mawili: kuvunja nyumba usiku na wizi. Amekana. Dhamana iko wazi ila wadhamini hawajakamilika, kwa hiyo kalala gereza la Bangwe.

Nimezunguka mji mzima. Kuna wakili mtu mzima, anataka 900,000 yote kabla hajagusa faili. Kuna kijana, 300,000 sasa halafu 50,000 kila siku ya kwenda mahakamani. Kuna msaada wa kisheria wa bure, lakini huko nimeambiwa nisubiri. Na kuna kaka mmoja anashinda nje ya mahakama, anasema nimpe 250,000 "aongee na watu" faili lipotee. Mama anamtaka huyo wa mwisho. Mimi nina 400,000 ya kikoba. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mzee wa Ujiji
Huyo wa mwisho mtoe leo leo. Ni kishoka, mtu wa kujifanya wakili, na hiyo hela ni rushwa, ikinuka nyumba yenu itakuwa na washtakiwa wawili. Mwombe jina lake kamili umtafute kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili. Utaona anavyobadilisha maongezi.

Mama Tatu
Mimi ningekwenda kwa mwenye TV. Hapa Katubuka kuna kijana aliiba baiskeli, wazee wakakaa, ikarudishwa, yakaisha. Mawakili watawala hadi pasi ya kunyooshea nguo.

Karani Mstaafu
Mama Tatu, shikamoo. Hayo yaliisha kwa sababu hayakufika mahakamani. Hii imeshafika, anayeshtaki ni Jamhuri, mwenye TV amebaki kuwa shahidi. Hata akisamehe, kuliondoa shtaka ni uamuzi wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Na ndugu wa mshtakiwa wakionekana wanabisha hodi usiku kwa shahidi, kesho yake wataambiwa wanaharibu ushahidi. Kuna utaratibu wa kukiri kosa kwa makubaliano na waendesha mashtaka, uliingia kwenye sheria 2019, lakini huo ni wa mtu aliyefanya. Dogo anasema hakufanya.

Nimekaa na mafaili ya jinai miaka mingi, nivumilieni niandike ndefu. Kuvunja nyumba usiku si kesi ya kuku: sheria inaruhusu hadi miaka 20, ikiwa mchana ni 14. Na kuvunja si lazima kitasa kivunjike. Kusukuma mlango uliofungwa kunatosha.

Kwa ulivyoeleza, hakuna aliyemwona dogo dirishani. Kwa hiyo mambo ya kutambuliwa gizani, ile kanuni ya kesi ya Waziri Amani ya 1980 ambayo kila mtu anaitaja vijiweni, yaacheni. Kesi yote imekalia sabufa na TV. Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Joseph Mkumbwa na mwenzake, rufaa namba 94 ya 2007, ilisema mtu atiwe hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni pale tu inapothibitika kwamba mali ilikutwa kwake kweli, ni ya mlalamikaji kweli, iliibwa karibuni, na ndiyo ile iliyo kwenye hati ya mashtaka.

Sasa tazama. Ilikutwa kwake? Hati ya kukamata mali ilijazwa palepale au kituoni? Shahidi huru alikuwa nani, mwenyekiti wa mtaa, jirani, au askari watupu? Ni ya mlalamikaji? TV za inchi 32 zimejaa mji huu kama dagaa Kibirizi. Alitaja namba ya nyuma ya TV, au mkwaruzo, au kitu chochote cha kuitambua KABLA hajaonyeshwa, au alionyeshwa kwanza ndiyo akasema "ndiyo yenyewe"? Kuhusu "karibuni" sina la kuwaambia, siku tatu ni karibuni.

Halafu maelezo ya dogo. Si kazi yake kuthibitisha kwamba aliuziwa, inatosha maelezo yawe yanaingia akilini. Lakini aliyasema lini? Yakisikika mara ya kwanza siku ya utetezi, hakimu atasema yametungwa. Na tahadhari: "niliuziwa" ni kisu chenye makali pande mbili. Bei ikiwa ya kutupa, wanaweza kumgeuzia kosa la kupokea mali ya wizi. Hapo ndipo wakili anapokula hela yake kihalali.

Bei iweke pembeni kidogo. Rudi kwa hao wawili, wape maelezo yaleyale, usikilize nani anauliza hati ya kukamata mali na nani anauliza utalipa lini.

Mha wa Kasulu
Mimi 2016 nilijitetea mwenyewe, kosa hilihili, godoro na radio. Niliokoa laki tatu nikapoteza miezi 14. Polisi alipotoa hati ya kukamata mali mahakamani nikaulizwa kama nina pingamizi, nikasema "sina mheshimiwa". Nilidhani ndiyo adabu! Nikahukumiwa. Gerezani mzee mmoja mfungwa akaniambia haraka, kusudio la rufaa ni siku 10, rufaa yenyewe siku 45. Enzi hizo majalada yetu yalikwenda Mahakama Kuu Tabora. Jaji akakuta ile hati ilipokelewa lakini haikusomwa kwa sauti mahakamani, akaiondoa, na ushahidi uliobaki haukufika popote. Nikatoka. Mtu asije akasema nilishinda kwa akili, ilikuwa bahati na yule mzee.

Mzee wa Ujiji
"Sina pingamizi mheshimiwa" 😂 Pole sana ndugu yangu, nimecheka vibaya.

Msaidizi Mwandiga
Niseme la upande wa bure maana mnalipita kama basi tupu. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 siruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu, anayesimama ni wakili. Ila sheria hiyohiyo inamruhusu hakimu kuthibitisha kwamba mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili kwa ajili ya haki kutendeka, kwa hiyo dogo aombe mwenyewe, kwa mdomo wake, kesi itakapotajwa. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 ni nzuri ikiwa ipo mkoani kwenu siku hiyo. Kesi haiwezi kuingoja.

La dhamana usimlipe mtu hata mia. Tafuteni wadhamini wenye kitambulisho na barua ya mtendaji, soma masharti aliyotoa hakimu neno kwa neno. Watu wanalipa wakili laki mbili kwa kazi ya barua.

Mama Tatu
Nimeelewa Karani, ahsante baba. Ila laki tisa bado nyingi.

Karani Mstaafu
Ni nyingi kweli. Ila wa 50,000 kila siku naye mpigieni hesabu. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, inatajwa tena. Mara kumi hizo ni laki tano, na hakuna shahidi aliyefungua mdomo. Mwambie alipwe siku za usikilizwaji tu, za kutajwa dogo aende mwenyewe akiwa nje kwa dhamana. Na mkubaliane kwa maandishi.

Mwanagungu, swali moja: hizo 180,000 alilipa mkononi au kwa simu?

Mwanagungu
Wakuu nimerudi, samahani, siku mbili nilikuwa nahangaika na wadhamini. Dogo katoka leo mchana.

Karani, swali lako limenitoa jasho. Alilipa 80,000 mkononi na 100,000 kwa simu, Jumatatu saa nne asubuhi. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye ujumbe. Kule polisi dogo alisema kwamba aliuziwa, na ipo kwenye maelezo ya onyo, yale aliyoandikwa kituoni, ila jina la muuzaji hakuulizwa na yeye hakulitaja, alikuwa anatetemeka. Simu iko polisi.

Leo nimekwenda kwa mawakili wote wawili. Mtu mzima kanisikiliza dakika tano, akasema "hayo tutayaona mbele", akaniuliza laki tisa imefikia wapi. Kijana kabla sijamaliza akauliza kama Karani: alilipaje? Nilipomjibu akanyanyuka kwenye kiti. Anataka tuombe taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, na anataka kuona kama simu imeandikwa kwenye hati ya kukamata mali. Akaniuliza pia mwenyekiti wa mtaa alikuwepo siku ile. Hakuwepo, aliitwa baadaye kuja kusaini.

Tumeandikiana: 300,000 sasa, 50,000 siku za ushahidi tu.

Mha wa Kasulu
Mwambie dogo neno "sina pingamizi" alisahau kabisa.

Mzee wa Ujiji
Na yule wa "kuongea na watu"?

Mwanagungu
Nilimwomba jina kamili nimwangalie kwenye e-Wakili. Tangu jana simu yake haipatikani. Mama alikuwa ameshamtumia 20,000 ya nauli.