Wasomi wa Star Trek: Kiklingoni mmekichambua hadi nukta, Kiswahili cha Uhura mnakipita kama hamkukisikia!

Wakuu salaam. Leo sina utani. Wale wa "nenda kalime" naomba mpite kimya kimya.

Nimekula za uso kwenye jopo la mapendekezo ya utafiti (chuo sikitaji, msinichokoze). Mada yangu ni Kiswahili kinavyotumika ndani ya Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya safari za anga. Mjumbe mmoja, ukurasa wa pili hajaufungua, ananiuliza: "Hizi sinema za vyombo vya anga zinaingiaje kwenye idara ya Kiswahili?" Wenzake wakaangua kicheko, mimi nimesimama pale na projekta inawaka.

Zinaingia hivi, mheshimiwa. Tamthilia ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Kwenye kipindi kilichorushwa siku hiyohiyo, "The Man Trap", kuna jitu linalonyonya chumvi ya miili ya watu na kujigeuza sura litakayo. Lilipomtaka Luteni Uhura, mwanamke mweusi anayeshughulikia mawasiliano kwenye chombo cha anga, likamjia koridoni kwa sura ya mwanamume mweusi, likamsemesha Kiswahili. Yaani Kiswahili ndicho chambo! Mwaka uliofuata, kwenye "The Changeling", mtambo uitwao Nomad ukamfuta Uhura kumbukumbu. Nesi Chapel akawa anamfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Uhura anakwama kwenye neno, anapandwa na hasira, na hasira inamtoka kwa Kiswahili. Kiingereza cha kazini kimefutika, hiki kimebaki. Na masomo yanaendelea kwa Kiingereza, maana bila hicho harudi kwenye kiti chake. Mtu wa isimujamii akitazama hapo asione utafiti, anasubiri nini, malaika ashuke?

Haya, tuje kwa hao wasomi wa nje, ambao ndio wamenichefua zaidi, maana wao tamthilia wanaijua. Wana uwanja mzima wa taaluma. Mwaka 1992 peke yake Henry Jenkins na Camille Bacon-Smith walitoa kila mmoja kitabu kinachowachunguza mashabiki wa aina hii, wanavyoandika hadithi zao na kujikusanya. Tangu hapo makala hazihesabiki. Lakini ninazozipata mimi, zikifika kwa Uhura, ni wimbo uleule: Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, alitaka kuacha kazi, Martin Luther King akamsihi abaki, kisha lile busu na Kapteni Kirk la Novemba 1968, kisha NASA kumtumia kuvutia wanawake na weusi wajiunge na wanaanga. Sawa, ni mambo mazito, sibishi. Ila lugha anayoizungumza huyo mama inapewa sentensi moja, "anazungumza Kiswahili", safari inaendelea. Nani aliwaandikia yale maneno? Nani alimfundisha kuyatamka? Maana matamshi yenyewe, wakuu, inabidi urudishe nyuma utege sikio.

Sasa linganisheni na Kiklingoni, lugha ya kutungwa ya Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine humohumo kwenye Star Trek. Mwaka 1985 kilitolewa kamusi na Marc Okrand, mwanaisimu ambaye udaktari wake ulihusu lugha ya wenyeji wa California. Mwaka 1992 ikaanzishwa taasisi ya lugha hiyo huko Pennsylvania, ikawa na jarida lake la kitaaluma. Wakatafsiri mpaka Hamlet. Viambishi vya watu wasiokuwepo vina wataalamu!

Na msidhani ni habari za zamani. Mwaka 2022, kwenye Strange New Worlds, tamthilia mpya ya Star Trek, Uhura kijana anasema amekulia Kenya, wazazi wake walikuwa wahadhiri Nairobi, na kwamba Kenya ina lugha za asili 22. Ishirini na mbili! Mkenya yeyote wa leo atakwambia ni zaidi ya 40. Hadithi hiyo iko karne ya 23. Je, mwandishi alikosea hesabu, au anatuambia kwamba mpaka wakati huo nusu ya lugha zimekufa, na huko kwenye shirikisho la sayari linalojisifu kwa usawa hakuna aliyezililia? Hiyo ni tasnifu nzima pale, imelala. Nimetafuta mtu aliyeligusa swali hili, nikaishia kwenye makala moja inayotaka nilipe kwa dola ndipo nisome, wakati bando lenyewe la kuifungulia nimekopa.

Kwa hiyo huku naambiwa si Kiswahili, kule Kiswahili si Star Trek. Nimebanwa katikati kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Pendekezo nalirudisha, na kichwa cha mada sibadilishi hata herufi. Mwenye jamaa aliyekuwa Los Angeles, tamthilia ilikotengenezwa, miaka ya sitini, akasikia lolote kuhusu waliokuwa wakifundisha Kiswahili kule, aje inbox. Mwenye hiyo makala ya dola naye asijifanye hajaniona.