Fenobabu na Piriton zinaweza kuharibu majibu ya kipimo cha EEG? Mtoto anapimwa Alhamisi

MamaWawili:
Habari za jioni wakuu. Naishi na binti wa dada yangu, ana miaka 9, ana kifafa toka mwaka juzi na anatumia fenobabu kila usiku. Alhamisi anatakiwa akapimwe EEG, kile kipimo cha kubandikwa waya kichwani wanaangalia mawimbi ya ubongo. Karatasi niliyopewa imeandikwa aoshwe nywele, asipakwe mafuta na usiku alale kidogo, basi, kuhusu dawa hakuna neno hata moja. Sasa jirani ananiambia nimwachishe fenobabu siku 3 kabla mana eti dawa inaficha ugonjwa, kipimo kitasema mtoto mzima na hela imeshaenda. Halafu hapa katikati kapata mafua nampa Piriton na Panadol. Ivi kweli dawa hizi za kawaida zinaingilia majibu? Nimwachishe au niendelee nazo??

kaka_mkubwa77:
Usimwachishe dada nakuomba. Sisi tulimwachisha mdogo wangu bila kumuuliza daktari, tukasema siku 2 tu zitamfanya nini, usiku wa pili akaanguka bafuni, akazinduka kidogo akaanguka tena, ya tatu haikukata mpaka tunamfikisha hospitali. Na kipimo chenyewe hatukufanya, mana walishamchoma Valium ya mshipa wakatuambia turudi siku nyingine. Beseni aliloangukia lilipasuka ukingo, mama mpaka leo analo hataki kulitupa.

chai_rangi:
Poleni. Ila jirani nae hajadanganya yote jamani. Mimi EEG ya kwanza nilipimwa nishaanza valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ikatoka safi kabisa, ndugu wakaanza oooh huyu hana kifafa ni majini, wakati nilishaanguka mara 4 mbele ya macho yao. Kwahiyo dawa zinaficha, hilo tusikatae.

fundi_wa_waya:
Kubandika hizo waya ndo kazi yangu ya kila siku, ngoja nieleze kwa urefu kidogo.

Dawa zinabadilisha mawimbi ndiyo, ila kila moja na alama yake. Fenobabu na ndugu zake kina Valium zinaongeza mawimbi ya haraka tunayaita beta, yale ya zaidi ya 13 kwa sekunde, yanaonekana sana upande wa mbele ya kichwa. Mtu akikaa mbele yangu kafumba macho katulia nategemea nione alfa, 8 mpaka 13 kwa sekunde, sasa nikikuta beta zimejaa kitu cha kwanza naangalia fomu, huyu anatumia dawa gani. Ikiwa imeandikwa hakuna shida, msomaji anajua hiyo ni dawa. Fomu ikiwa tupu ndo tunaanza kuulizana maswali na mtoto ana waya ishirini kichwani.

Valproeti ni kweli kama alivyosema chai_rangi, inaweza kuzifuta zile spaiki, yale mawimbi ya ncha kali yanayoashiria kifafa, hasa kwa kifafa cha mwili mzima. Lakini hata asiyetumia dawa yoyote EEG ya kwanza inaweza kutoka safi na kifafa anacho, wengi tu. Ndo mana daktari anauliza kwanza ulianguka vipi na nani alikuona, karatasi inafuata.

Sasa hizo siku 3 za jirani. Fenobabu inatoka mwilini taratibu mno, kupungua nusu tu inachukua kama siku 3 mpaka 4. Kwahiyo ukimwachisha Jumatatu, Alhamisi bado anayo ya kutosha kubadilisha mawimbi, na hapohapo imepungua kiasi cha kumwangusha. Umepata hasara pande zote mbili. Wapo wanaopunguziwa dawa makusudi ili wapimwe, ila hao wanalazwa wodini na daktari yupo pembeni.

Panadol mpe tu haina neno. Piriton inalegeza na kuleta usingizi, na hizi dawa za mafua za kizamani kwa mtu mwenye kifafa sio za kuzichezea, muulize daktari wake kama kuna nyingine. Sisi tunapenda mtoto asinzie kidogo wakati wa kipimo lakini ule usingizi wa kukesha, ndo mana umeambiwa alale kidogo. Na asubuhi hiyo asinywe chai ya majani wala kahawa wala soda za kola. Ila ale, asije na njaa, mana kuna kipande cha kupuliza pumzi kwa nguvu kama dakika 3 na kingine cha taa ya kumulika mulika, mwenye njaa anaishiwa nguvu.

Kwa wakubwa mnaosoma hapa, tramadoli mnayonunua kwa ajili ya mgongo nayo muitaje, hiyo inaweza kuleta degedege kabisa.

MamaWawili:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepiga simu kliniki leo asubuhi nesi kaniambia fenobabu aendelee nayo kama kawaida, niende na makopo yote ya dawa wayaone wenyewe, na Piriton niache. Kaka pole sana kwa mdogo wako. Jirani nimemsomea hapa kanuna.
Kilichobaki ni nywele, kasukwa rasta juzi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi na kagoma kabisa kufumuliwa. Hawawezi kupenyeza tu katikati ya mistari?

fundi_wa_waya:
Fumua mama 😅 Pale mstari ulipo sio pale ninapotaka mimi kubandika, napima kwa futi kabisa. Na mwambie msusi asitie mafuta mpaka Alhamisi jioni.