Seva, logi na majaji: wafunzwe wenyewe au waachie mafundi?

Mleta mada:
Jamani naleta hii hapa manake kila nikiigusa naambiwa ati jaji kazi yake ni sheria, mambo ya kompyuta aite fundi. Mimi nakataa. Majaji na mahakimu wetu wafunzwe kusimamia ushahidi wa kielektroniki kwenye hizi kesi kubwa, na wafunzwe kabla kesi haijawafikia.

Mnakumbuka uchaguzi wa 2017 hapa Kenya, hadi mama mboga alikuwa anasema fungua seva, ile kompyuta kuu ya matokeo. Tarehe 28 Agosti Mahakama ya Juu ikaamuru IEBC, tume ya uchaguzi, ifungue seva na logi zionekane, yaani kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo na alifanya nini, kusoma tu bila kugusa kitu, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba majaji 4 dhidi ya 2 wakafuta uchaguzi wa urais. Katiba inawapa siku 14 tu, sasa ndani ya hizo 14 jaji ataanza saa ngapi kuuliza logi ni nini? 2022 mambo yakarudi, seva zikakaguliwa, na safari hii logi zilizoletwa na walalamishi ndo zikaonekana zingine ni za 2017 zingine zimeghushiwa kabisa. Seva inaweza kumwangusha yeyote.

Na hizo ni kesi za kwenye TV. Mimi nilikuwa karani kwa wakili hapa Mombasa, tunadai kampuni moja pesa za mzigo, wakaleta maboksi matatu ya emaili zilizoprintiwa. Nikapekua mpaka nikafika kwa emaili moja ina ile alama ya klipu juu, kumaanisha ilikuja na kiambatisho, na kiambatisho chenyewe hakipo popote. Tukaomba faili halisi. Hakimu akauliza, "kwani hizi si ndizo emaili?" Ombi likaishia hapo.

Mchangiaji, Nakuru:
Pole ndugu lakini hapo nawalaumu mawakili. Ombi mliliandika vizuri mkataja faili gani iko kwa kompyuta ya nani? Halafu kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi si kinataka cheti, mngekishambulia hicho cheti. Majaji wana mlundiko wa kesi wa kutisha, ukiwatoa kortini wiki nzima wakasomee kompyuta, mahabusu anayesubiri kesi yake utamwambia nini? Na teknolojia yenyewe ikibadilika mwaka kesho?

Mleta mada:
Ya mahabusu umenigusa, hiyo sina jibu jepesi. Lakini cheti kinaeleza kilicholetwa kimetolewa vipi, hakisemi nini kimeachwa nje. Na mimi sitaki jaji awe fundi, nataka ajue kuuliza mapema, pale kwa kikao cha maandalizi kabla ushahidi haujaanza: data iko wapi, anaishika nani, kuna kitu kinajifuta chenyewe kila baada ya siku 90, italetwa kwa muundo gani, nani analipa. Hayo hayabadiliki na simu mpya.

Angalia New York, Laura Zubulake alishtaki UBS Warburg kwa ubaguzi kazini, emaili alizotaka ziko kwenye kanda za bakapu, yaani nakala za akiba, wenye kanda wakalia gharama. Jaji Shira Scheindlin hakuwa mtu wa IT, lakini 2003 akasema rudisheni kanda 5 tu kwanza tuone zina nini na zinakula pesa ngapi, ndo baadaye akagawa gharama, 75 asilimia kwa kampuni, 25 kwa mama. Baadaye ikajulikana kuna emaili zilifutwa baada ya wafanyakazi kuambiwa wazihifadhi, na 2005 baraza la raia likampa mama zaidi ya dola milioni 29. Ile ya kanda 5 fundi hawezi kuiamuru, fundi anajua kurudisha kanda, kupima kama inafaa mtu abebeshwe gharama hiyo ni kazi ya jaji. Na mtaalamu mara nyingi analetwa na upande mmoja na kulipwa na upande huo huo, wakija wawili wakapingana nani anaamua?

Mchangiaji, Kilifi:
Kwanza tuambie, ile kesi ya mzigo iliishaje?

Mleta mada:
Tulipatana nje ya korti, tukachukua nusu ya deni. Kile kiambatisho hatujakiona mpaka leo.