Tupeane uzoefu: Barabara au reli ilipopangwa kupita mtaani kwenu Arusha na Moshi, mliulizwa au mlikuta bikoni (vigingi vya wapimaji)?

Chalii wa Sakina

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mada: treni ya mjini, ile nyepesi ya umeme inayokatiza mitaani kama waliyo nayo Addis Ababa. Jamaa mmoja kasema kwa foleni hizi za Chuga, yaani Arusha yetu, siku moja na sisi tutaipata, toka Ngaramtoni mpaka Usa River. Fundi seremala wetu, mtu asiye na maneno mengi, akauliza: "Sawa, itapita juu ya banda la nani?" Kimya.

Sijasema kuna mradi, msianze kutafuta viwanja vya kulangua. Nataka tu tusimuliane ilivyokuwa kwenu siku walipokuja watu wa ramani, ziwe barabara, reli, stendi au mitaro.

Naanza. Mtaani kwetu ilipangwa lami ya kilomita moja na kidogo. Ijumaa jioni bajaji ya matangazo ikapita: kesho saa nne, mkutano, wote mfike. Tukafika kama arobaini hivi. Mchoro ulibandikwa ukutani, mzuri, wa rangi. Bibi mmoja jirani yangu akanyoosha mkono, akauliza maji ya kutoka juu yatapita wapi. Akajibiwa mtaro upo. Akasema: "Mwanangu, hapo kwenye mtaro wako sipo. Korongo linapita huku kwangu, ila haliji kila mwaka." Watu wakacheka. Yule kijana wa mchoro alipima Septemba, ardhi imekauka kama mgongo wa kobe, korongo ataliona wapi?

Masika ya pili baada ya lami, maji yalishuka kutoka Meru yakapita pale pale bibi aliposema. Yaling'oa kalvati na kuingia ndani kwake mpaka kwenye kitanda. Hakuna aliyecheka.

Karibuni.

Mama Ndizi

Mimi nauza ndizi Tengeru miaka mingi. Wenyeji mnajua soko letu kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Sasa sikilizeni. Ulipoitishwa mkutano wa kujadili mahali pa kuweka kituo cha vifodi, hizi daladala ndogo, uliwekwa Jumatano saa nne asubuhi!

Wanawake wote tuko sokoni, tunapanga mikungu. Mkutanoni wamekwenda wazee na vijana wasio na kazi siku hiyo. Wakakubaliana kituo kiwe ng'ambo ya barabara, panapotosha magari kugeuza. Ni kweli magari yanageuza vizuri. Lakini mtu akishuka na mkungu kichwani na mtoto mgongoni, avuke barabara kubwa yenye malori ya kwenda Holili, hilo hakuna aliyelisema kwa sababu waliokuwepo hawabebi mikungu.

Sisi tulikuja kujua nguzo zimeshasimikwa. Tukaenda kwa mwenyekiti, akasema "mbona mliitwa?" Tukamwonyesha kalenda. Naye kwa haki yake alikuwa muungwana, akakiri. Mkutano wa pili tukaomba uwe Jumapili saa tisa, watu wametoka ibadani wamekula. Tulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye majani. Kuna mama ambaye sijawahi kumsikia akiongea mbele za watu, siku hiyo alisimama na kitenge chake akaonyesha kwa mkono: gari linasimama hapa, mzigo unateremka hapa, mtu anavuka hapa, mtoto wa shule anapita hapa. Mtaalamu akawa anaandika tu.

Toyo Namba Nane

Mama Ndizi umenikumbusha mbali. Sisi wa toyo, yaani bodaboda, hatujawahi kuulizwa hata siku moja, ila kila mchoro mpya unaanza kwa kutuhamisha 😂. Na sisi ndio tunajua abiria anashuka wapi hasa, maana kibao cha kituo ni kimoja na anapotaka kushuka ni pengine kabisa.

Mzee wa Pasua

Vijana, shikamooni zenu nazipokea kabla hamjazitoa.

Mimi ni wa Moshi, na hadithi yangu ni ya reli ya zamani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani, na Arusha ikafikiwa mwaka 1929 Mwingereza akiwa ameshashika nchi. Babu zetu hawakuulizwa, waliitwa kubeba mataruma, yale magogo ya chini ya reli. Hilo tuliache.

Treni ya abiria ilipokoma, reli ililala miaka mingi. Majani yakaota. Mtu akaanza na bustani ya mchicha, mwingine akaweka banda la kuku, mwingine chumba kimoja cha kupangisha. Watoto wetu wamezaliwa wanaona reli kama ukuta wa kukalia jioni. Mwaka 2019 treni ya mizigo ikarudi, na Desemba mwaka ule ule ya abiria ikafika Moshi. Kabla ya hapo zikaja alama za X, za kubomoa.

Nataka niseme ukweli ingawa utaniuma: sisi ndio tulioingia kwenye hifadhi ya reli. Mita 15 kila upande kwa mjini, 30 kwa vijijini, na tuliambiwa. Kwa hiyo sidai fidia ya banda la kuku.

Ninachosimulia ni vivuko. Njia halali ya kuvuka ilikuwa mbali, na watoto wa shule walikuwa na njia yao ya mkato juu ya reli tangu kizazi cha baba zao. Tulikwenda wazee wanne, tumevaa makoti, tukaomba kuonana na anayehusika. Hatukupeleka malalamiko, tulipeleka karatasi ya daftari. Tulikaa siku tatu chini ya mwembe tukahesabu: saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi wamevuka watoto wangapi, kina mama wa sokoni wangapi, baiskeli ngapi. Kijana aliyetupokea alishangaa sana. Akasema watu huja kwake na hasira, hawajawahi kuja na hesabu.

Kivuko tulichotaka hatukupata. Tulipata kibao, na dereva wa treni akawa anapiga honi mapema pale. Si haba, wala si chote.

Chalii wa Sakina

Mzee shikamoo. Hiyo ya daftari nimeiandika.

Mshika Mkanda

Nimefanya kazi ya kushika mkanda wa wapimaji na kisha kukusanya maoni kwa washauri elekezi, miradi kadhaa ya kanda ya kaskazini. Acheni niwaonyeshe upande wa pili, mtanisamehe kwa urefu.

Mradi hauji kama mvua, unakuja kwa hatua. Kuna upembuzi yakinifu, hapo bado wanauliza kama jambo lenyewe linafaa na lipite wapi. Njia mbili tatu bado ziko mezani. Halafu usanifu wa kina, hapo mstari umeshachorwa, wanahangaika na nondo na kalvati. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka wananchi wasikilizwe, inatakiwa iende sambamba. Kisha uthamini wa mali, kisha fidia, kisha greda.

Sasa kosa letu wananchi: tunalala mpaka mthamini atokee. Tukisikia "uthamini" ndipo tunajaa, maana tumenusa pesa. Siku ile hakuna tena swali la wapi, limebaki la kiasi gani. Siku ya upembuzi yakinifu nilishakaa chini ya mti na watu saba, watatu kati yao wakisubiri soda.

Na kosa la upande wetu sisi wa ofisini ni karatasi ya mahudhurio. Unasaini umepewa soda na nauli, kwenye ripoti unaonekana "umeshirikishwa". Haiandikwi ulisema nini, umeandikwa jina na sahihi. Niliwahi kuona kiambatisho chenye kurasa nyingi za sahihi na nusu ukurasa wa maoni. Ushauri wangu: kabla ya kusaini, sema swali lako liingie kwenye muhtasari, na mtendaji wa mtaa abaki na nakala. Muhtasari ndio unaotembea mpaka kwa mbunifu, maneno ya mdomo yanabaki chini ya mti.

Kuhusu treni nyepesi ya kijiweni kwenu. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, kwa hiyo mlima si rafiki yake. Treni za mizigo hukwepa hata mwinuko mdogo; hizi nyepesi zinavumilia zaidi, na zinaweza kukata kona kali kiasi cha kupita mitaani. Lakini angalieni Arusha ilivyokaa: mji umeegemea Meru, mitaa ya kwenda kaskazini inapanda, mito ya Themi, Naura na mingine inashuka kusini. Mstari wa mashariki kwenda magharibi utavuka mito yote hiyo. Mhandisi ataiona kwenye ramani. Asichokiona ni korongo la yule bibi wa Sakina.

Fidia, kwa kifupi kwa sababu najua mtauliza: si thamani ya nyumba na ardhi tu. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, na kwa mwenye biashara kuna upotevu wa faida. Na mwenye X ya kijani si sawa na mwenye X nyekundu. Kijani analipwa. Nyekundu anajibomolea.

Niliyeishi Bole

Nimekaa Addis miaka minne kwa ajili ya kazi, nimepanda hiyo treni mnayobishania. Ilianza Septemba 2015, njia mbili, jumla kama kilomita 34, zinakutana katikati ya mji. Nauli ilikuwa ndogo, watu walijazana mpaka mlango unagoma. Kwa maskini wa kule ilikuwa mkombozi, msidharau.

Lakini mlisikia habari ya barabara ya Mama Ndizi? Zidisheni. Sehemu inayopita chini imezungushiwa uzio, huwezi kukatiza. Duka lililokuwa linaangaliana na duka, sasa mteja azunguke mbali. Mzee mmoja muuza kahawa karibu na nilipopanga alikuwa akisema wateja wake wa ng'ambo anawaona, anawapungia mkono, hawawezi kumfikia.

Halafu jambo la pili ambalo mkutano wa mtaa hauulizi kwa sababu linaonekana la wakubwa: vipuri. Walinunua treni 41, miaka ikapita, nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Kama mnaita mkutano siku moja, muulizeni mtaalamu itapita wapi, halafu muulizeni ikiharibika nati inatoka nchi gani.

Mama Baraka

Mtoto wangu anatumia kiti cha magurudumu. Tulialikwa kwenye kikao cha "makundi maalumu watoe maoni" kuhusu njia za waenda kwa miguu. Kikao kilikuwa ghorofa ya pili, lifti hakuna. Nilimbeba. Nilipofika juu nikasema hayo ndiyo maoni yetu, mengine mtaandika wenyewe.

Toyo Namba Nane

Mama Baraka nakuvulia helmeti.

Kijana wa Kibosho

Kwetu ilikuwa barabara ya kupanua, na ikaja mpaka kwenye kihamba. Watu wa mjini mnadhani kihamba ni shamba. Pale kuna migomba, kahawa, na chini ya migomba wamelala babu na bibi. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, wakatueleza vizuri tu gharama zitalipwa. Baba mkubwa akajibu: "Mimi sikuuliza bei."

Kilichosaidia ni kwamba safari hii walikuja kabla ya kuchora. Kijana wa vipimo alikaa kwenye kigoda, akapewa mbege, akatembezwa mpaka wote kwenye masale, mimea yetu ya kuonyesha mipaka, akaonyeshwa kaburi moja moja na jina lake. Mchoro ulipokuja, barabara ilikuwa imejikunja kidogo upande wa bonde. Tulitoa migomba kumi na miwili upande ule bila kuomba hata senti, na mwenyekiti hakuamini.

Kuna watu huku walisema tumelegea, tungedai. Sijui mwenzangu, mimi nilikuwepo baba mkubwa alipolala usingizi usiku ule.

Chalii wa Sakina

Nimerudi. Nilimsomea fundi seremala michango yenu yote, kaacha kupiga randa. Jumapili hii tuna mkutano mkuu wa mtaa, ajenda ni taka na taa za barabarani, treni haimo. Ila kwenye mengineyo ataomba mambo mawili: makorongo yote ya mtaa yachorwe kwenye karatasi na wazee wanaoyajua, wakiwa bado hai, na karatasi hiyo ikae ofisi ya mtendaji. Yule bibi amekubali kuja kuonyesha la kwake. Amesema atakuja na fimbo.

Mama Ndizi hujamalizia. Baada ya mkutano wa Jumapili, kituo kilihamia upande gani?

Mama Ndizi

Upande wa soko, mwanangu. Choo ndicho tulichosahau kusema.