Mtoto wa miezi 10 anaharisha, mama mkwe anataka ang'olewe "meno ya plastiki". Naombeni ushauri

Mama K (mleta mada)
Habari zenu wadau. Nina mtoto wa kiume, miezi 10. Tangu juzi usiku anaharisha majimaji, rangi ya njano, damu hakuna. Anatapika mara mojamoja, hasa akinywa kwa pupa. Joto lipo ila si kali. Kunyonya ananyonya, kwa kusuasua.

Mama mkwe yupo hapa kwetu Mbagala. Leo asubuhi alimpanua mtoto mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi wa juu, akaniita nione. Kweli, pale chonge inapotakiwa kuota pamevimba kidogo na kwa ndani kuna kitu cheupe. Anasema hayo ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomharisha, yasipotolewa mtoto hatafika Jumapili. Kuna mama mtaa wa pili anayatoa kwa 10,000. Shemeji naye kaleta Flagyl ya maji, anasema wao kwao kila mtoto akiharisha anapewa hiyo. Mume wangu ni dereva wa malori, yuko njia ya Tunduma, nikimpigia ananiambia "msikilize mama".

Nauliza mawili. Hali hii inatibika nyumbani au niende zahanati sasa hivi? Na nitamkatalia vipi mama mkwe bila kuonekana jeuri ndani ya nyumba ya mwanawe? Natanguliza shukrani.

Mpiga Zeze
Pole dada. Chemsha majani ya mpera, yapoe, mpe vijiko viwili asubuhi na jioni. Sisi tumekuzwa nayo na tupo hapa tunabishana mtandaoni.

Kaunta ya Dawa
Mama K, mimi nauza kwenye duka la dawa muhimu, na mzigo huu wa mtoto anayeharisha naupokea karibu kila siku. Kwa ulivyoeleza (majimaji, hakuna damu, bado ananyonya), unaweza kuanzia nyumbani, lakini anza leo.

Kinachoua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa na maji na chumvi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Pakiti nyingi zinachanganywa na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, ila soma pakiti yako, zipo za ujazo mdogo. Hapa ndipo wateja wengi wanapoharibu: anaona lita nzima ni nyingi kwa kichanga, anamimina nusu pakiti kwa kukisia kwenye glasi. Hiyo inakuwa chumvi kali, inamvuta mtoto maji badala ya kumwongezea. Chukua chupa mbili safi za nusu lita, zijaze, mimina kwenye jagi, weka pakiti yote, koroga. Yakifika saa 24 hujamaliza, mwaga, changanya mengine.

Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, yaani kama robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Tumia kijiko, usitumie chupa ya chuchu. Kijiko kimoja, subiri dakika moja, kingine. Akitapika, tulia dakika 10 halafu endelea polepole zaidi. Kutapika kidogo si sababu ya kuacha.

Pili, vidonge vya zinki. Mtoto wa zaidi ya miezi 6 anapewa miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Unakiyeyusha kwenye kijiko kwa maziwa yako au maji safi. Akiacha kuharisha siku ya tatu usikatishe, maana zinki inasaidia pia asirudie kuharisha miezi miwili mitatu ijayo.

Flagyl mrudishie shemeji yako kwa heshima zote. Kuharisha majimaji kwa watoto wadogo mara nyingi kunaletwa na virusi, na Flagyl haigusi virusi. Itamwachia kichefuchefu tu. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima ndiyo usimguse nazo kabisa.

Mjukuu wa Bibi
Mume anayesema "msikilize mama" akiwa Tunduma, mwambie aje yeye ashike mtoto wakati anang'olewa. 😂 Pole lakini.

Kaka wa Kibaigwa
Hapo kwenye meno sitanii. Shangazi yangu alimpeleka mwanawe kwa mtu wa namna hiyo, mtoto akiwa na miezi 8. Alitumia spoki ya baiskeli iliyonolewa, aliyoipitisha kwenye moto wa kibatari. Akachimba ufizi pande zote nne, akatoa vitu vyeupe laini kama punje za mchele mbichi, akaviweka kwenye kiganja: "Mnaona hawa wadudu?" Mtoto alivuja damu mpaka jioni, kesho yake hawezi kunyonya kwa maumivu, na kuharisha kukaendelea vilevile. Walimkimbiza hospitali ya wilaya akiwa hoi. Alipona. Sasa ni kijana, chonge mbili za juu hazijaota mpaka leo na meno ya jirani yamekaa upande.

Zile punje ni vichipukizi vya chonge zake mwenyewe. Jino linaanza kutengenezeka ndani ya ufizi likiwa laini, jeupe, halina ugumu wa jino tunalolijua. Kila mtoto duniani anayo, ukimpanua mdomo mtoto wa jirani aliye mzima kabisa utayakuta. Bahati mbaya umri ambao fizi zinavimba ndio umri ambao mtoto anaanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, basi anaharisha, basi lawama inaenda kwa meno. Na chombo kile kinatoka mdomo wa mtoto huyu kwenda wa yule: hapo kuna pepopunda, kuna VVU, kuna usaha kuingia kwenye damu.

Nesi Mstaafu
Naongezea dalili za kukimbia nazo kituoni, usiku au mchana, usingoje mume afike:

Macho yameingia ndani. Utosi umebonyea (wengine hapo wanaanza kuupaka dawa nyeusi, wakati ni maji yamemwishia). Analia bila machozi. Hajakojoa kwa saa sita au zaidi. Amelegea, anasinzia, hana habari na wewe. Hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu. Damu kwenye choo. Homa kali, au degedege.

Kuna kipimo unaweza kufanya mwenyewe. Bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kati ya kitovu na ubavu, iachie. Kwa mtoto mwenye maji ya kutosha inarudi palepale. Ikibaki imesimama kama mkunjo wa nguo kwa zaidi ya sekunde mbili, hiyo si ya nyumbani tena, anahitaji dripu.

Na chakula usimkatie. Tuna tabia ya "kupumzisha tumbo", matokeo yake mtoto anapona kuhara anaingia utapiamlo. Nyonyesha mara nyingi zaidi ya kawaida. Uji mzito kiasi, ndizi ya kuponda, mtori, wali uliopondwa na tone la mafuta. Soda na juisi za pakiti hapana, sukari yake nyingi inaongeza kuharisha.

@Mpiga Zeze, majani ya mpera kwa wewe mtu mzima sina ugomvi nayo. Kwa mtoto wa miezi 10 kila kijiko cha mpera kinachukua nafasi ya kijiko cha ORS au cha ziwa.

Mpiga Zeze
Nimekuelewa nesi. Na kama duka liko mbali na ORS hakuna? Huku kwetu kijijini duka la dawa ni safari ya bodaboda.

Nesi Mstaafu
Maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Kijiko cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, si cha mlima. Onja kabla ya kumpa: yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga, anza upya. Hayo ni ya kuvukia wakati unatafuta pakiti.

Msomaji wa Usiku
Kwa wanaodharau maji ya chumvi na sukari: 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana kambi ya Bangaon, India, kipindupindu kikaingia na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye madumu, ndugu wa wagonjwa wakawa wanawanywesha wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Siri iko kwenye utumbo: hata ukiwa umeharibiwa na ugonjwa, sukari ikipita inapita na chumvi, na maji yanafuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu Mama K, wenzio wamekujibu la dawa, mimi nakujibu la mkwe maana nami ni mkwe wa watu.

Usibishane naye meno ni nini. Yule mama katika maisha yake kazika watoto, pengine wa ndugu zake, pengine wake, na kuharisha ndiko kulikowachukua. Anaogopa. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, nimeambiwa anyweshwe kijiko kijiko bila kuacha, na mimi nina kufua na kupika, naomba unisaidie kumnywesha." Kikombe na kijiko mkabidhi mkononi. Akimshika mjukuu akaona midomo inalowana na mkojo unatoka, hata habari ya spoki itapoa. Akikukazania, sema mtoto ana homa na ufizi hauguswi mpaka homa iishe. Kisha nenda naye zahanati na kadi ya kliniki ya mtoto, amsikie nesi kwa masikio yake. Mtu mzima neno hulipokea kwa mtu mwenye koti jeupe, kwa mke wa mwanawe hapokei.

Ila mtoto usimwache naye peke yake kwanza. Nakwambia ukweli.

Kaunta ya Dawa
Hilo la mwisho la Bi Mkubwa lishike. Halafu angalia kadi kama alimaliza chanjo ya rota, inatolewa nchini tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10. Haizuii kuharisha kote ila inapunguza kule kukali. Na maji ya kunywa yachemshe, ndoo iwe na mfuniko na bomba, si kila mtu anachota na kikombe chake.

Mama K (mleta mada)
Asanteni mno. ORS nimepata na zinki. Mama mkwe ndiye ameshika kijiko tangu saa nane mchana, kanuna lakini ananywesha kuliko mimi, na ananifokea nikichelewa kuchemsha maji. Mtoto amekojoa, machozi yapo. Shida ni zinki, ameitapika mara tu baada ya kumeza. Nimpe nyingine au ningoje kesho?

Kaunta ya Dawa
Kama ametapika ndani ya nusu saa, subiri atulie kisha mrudishie kidonge kingine. Ikipita nusu saa, acha mpaka kesho. Kiyeyushe kwenye maziwa yako, ule uchungu unapungua, na usimpe tumbo likiwa tupu.